Atakayekunywa Baada Yetu

Ninyi mlio nyumbani, mlio dukani, na ninyi mlio njiani kuelekea kazini Diani au kivukoni Likoni, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Neno letu la leo limo katika kitabu cha nabii Ezekieli, mlango wa 34, kuanzia mstari wa 17 hadi wa 22. Mwenye Biblia na aifungue. Asiye nayo na asikilize.

Nabii anatueleza habari za kundi moja la kondoo. Wapo walionenepa, na wapo waliokonda. Wanene wanatangulia kufika majini. Wanakunywa maji yangali safi, wanashiba, kisha badala ya kuondoka wanaingia kwa miguu na kuyatibua. Wanaokuja nyuma wanakuta tope. Mungu anawashitaki wale wanene. Tuangalie vizuri, ndugu: kosa lao si kunywa. Mchungaji ndiye aliyewapa maji yale. Kosa lao ni kunywa kana kwamba hakuna atakayekuja nyuma yao.

Sisi wa Ukunda tunapaswa kulielewa neno hili upesi, maana maisha yetu yote yameshikana na maji. Alfajiri mwuza maji anasukuma mkokoteni wake wenye mitungi ya lita 20. Wavuvi wanateremka ufuoni kuutazama upepo. Wakati wa bamvua, bahari ikitoka mbali, akina mama na vijana wanatembea juu ya mwamba kutafuta pweza. Msikitini jirani zetu wanatawadha; kanisani kwetu mtoto anabatizwa; nyumbani mama anaosha mchele. Wengine wetu tunapata mshahara katika hoteli ambazo zisingejengwa kama bahari isingekuwapo. Hakuna mtu wa Ukunda awezaye kusema, "Maji hayanihusu."

Tena maji hayo yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Mvua inanyesha Shimba Hills, na msitu ule unaipokea. Huko ndiko iliko chemchemi ya Marere, ambayo maji yake yamepelekwa Mombasa kwa bomba kwa miaka mingi. Mto Mwachema unateremka na kuingia baharini kati ya Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa kale wa Kongo. Mto Mkurumudzi unakwenda kumalizikia Gazi, penye mikoko. Na mvua nyingine inazama ardhini. Hiyo ndiyo tunayoivuta kwa visima virefu vya Tiwi, na kwa visima vifupi vya majumbani mwetu.

Chini ya miguu yetu kuna jiwe la matumbawe. Kila aliyechimba kisima hapa amejionea mwenyewe kwamba jiwe hilo lina matundu na nyufa. Linalomwagwa juu halikawii kufika chini. Tena kando ya pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Tukiyavuta kwa kiasi, yanakaa. Tukiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima kilichowanywesha wazee wetu hakifai hata kwa chai.

Hapo ndipo Ezekieli anapobisha hodi mlangoni petu. Ukunda imekua. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja leo kina vyumba kumi vya kupangisha. Kisima kiko pembe hii, choo cha shimo kiko pembe ile, na jirani naye amechimba choo chake nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kisima cha mwenzake. Kila mmoja atasema amejenga katika ardhi yake mwenyewe, na hati anayo. Lakini ukuta hauendi chini hadi kwenye maji, na maji hayasomi hati. Mwenye fedha ataonja, ataona ladha imebadilika, na ataagiza maji ya chupa. Mjane aliyepanga chumba cha mwisho atachota humo humo, na mtoto wake ndiye atakayeharisha.

Mwenye nyumba aliye Mkristo na ajiulize kabla ya kuwaita mafundi: Je, uchafu wa nyumba yangu utakwenda wapi? Shimo lililojengewa vizuri, mbali na kisima, na kulipia gari la kunyonya likijaa, ni gharama. Hatukatai, ni gharama kubwa. Lakini hiyo ndiyo bei ya kumpenda jirani mahali penye jiwe kama letu. Haifai kuimba habari za upendo Jumapili, kisha kufungulia maji machafu barabarani Jumatatu usiku. Na mpangaji naye asiseme, "Mimi ni mgeni tu hapa." Maji yakikuchemkia jikoni, umemlinda mtoto wako; ukimwambia mwenye nyumba kwa heshima kwamba choo kimejaa, umemlinda na mtoto wa jirani.

Mtu mmoja atasema mambo haya ni ya serikali, na wanyonge hawana la kufanya. La, sivyo. Mwaka 1983 ulianza huku pwani ya kusini mradi wa pampu za mkono, ambao shirika la KWAHO lilishiriki. Pampu iitwayo Afridev ilijaribiwa katika vijiji vya Kwale, ikaundwa kwa namna ambayo wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadili vipuri vyake kwa vyombo vichache. Na akina nani walifundishwa kazi hiyo? Akina mama, wale wale waliokuwa wakibeba maji kichwani. Waliingia katika kamati za maji, wakatunza fedha, wakashika spana. Kabla ya hapo pampu ikivunjika ilimngoja fundi wa kutoka mbali, na kungoja kwake kulikuwa kwa muda mrefu. Anayejua uzito wa mtungi ndiye atakayeharakisha kuitengeneza pampu.

Sasa twende baharini, maana huko nako tunakunywa, kwa namna yake. Juya la kukokota lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001. Wavu ule unaburuta chini, unang'oa majani ya bahari ambamo samaki wanakulia, na unazoa wakubwa na wadogo pamoja. Samaki ambaye hajazaa hata mara moja akiliwa leo, mwana wa mvuvi atakula nini kesho? Huko ni kutibua maji mbele ya wanaokuja.

Lakini tusiwe wepesi wa kumhukumu mvuvi. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, mwenye ngalawa ndogo hawezi kuvuka mwamba kwenda kwenye maji makuu. Hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, watoto wanangoja. Kabla ya kumkemea, tumwulize pia aliyenunua fungu la samaki wadogo kwa sababu lilikuwa rahisi. Wazee walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Linaloonekana dogo kwetu ndilo riziki yote ya mwingine.

Na tukiwatafuta kondoo wanene wa Ezekieli, tusiwatafute kwenye ngalawa. Ukisoma mstari wa 21, wanene ndio wanaosukuma wenzao kwa ubavu na kwa bega, hata wadhaifu wakatawanyika. Huku kwetu kuna vijia ambavyo watu walipita tangu zamani kwenda ufuoni. Mahali pengine leo utakuta ukuta, lango na mlinzi. Mvuvi aliyebeba nyavu begani anazunguka mbali ili afike pale ambapo babu yake alishuka moja kwa moja. Wewe uliyenunua kiwanja cha pwani, hujakatazwa kujenga. Tunakuomba uache njia. Kumwachia mtu kijia ni jambo dogo katika ramani, lakini kwake ni chakula.

Hatutaki kuwaacha na huzuni, maana lipo pia la kumshukuru Mungu. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya Gazi ilikatwa ikawa kuni za viwanda. Mahali pengine haikuota tena yenyewe, palibaki mchanga. Katika miaka ya 1990 watu walianza kupanda upya, mche kwa mche, katika matope. Na mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi waliouita Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko. Miti hiyo hufyonza hewa ya ukaa na kuifungia matopeni, na watu wa nchi za mbali hulipa ili miti isimame. Fedha hizo zimeleta maji ya kunywa kijijini na vitabu shuleni. Tafakarini jambo hili: mti unaosimama katika maji ya chumvi unamletea mtoto maji matamu! Aliyekwenda na miche matopeni katika miaka ile hakujua kama fedha zitakuja. Alipanda kwa ajili ya atakayekuja nyuma yake.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu alisema, katika Mathayo 10, mstari wa 42, kwamba hata kikombe kimoja cha maji baridi apewacho mdogo hakitakosa thawabu. Tumezoea kukifikiria kikombe tunachompa mtu mkononi, tukiona uso wake. Kipo na kikombe kingine, tunachomwachia mtu tusiyemjua, ndani ya kisima, katika mto, na nyuma ya mwamba. Huyo hatatushukuru, maana hatajua majina yetu. Baba yetu wa mbinguni anajua.

Basi juma hili, kila atakayechota maji na amkumbuke mmoja atakayechota baada yake. Kisha afanye jambo moja kwa ajili yake: afunike kisima, atengeneze bomba linalovuja, akatae samaki wachanga, aache njia.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetenga bahari na nchi kavu, twakushukuru kwa mvua ya vilimani, kwa mito na visima vyetu, na kwa bahari inayotulisha. Utusamehe pale tulipokunywa tukawasahau wenzetu. Walinde walio baharini asubuhi hii. Wape walio na nafasi ya mbele moyo wa kuwafikiria walio nyuma. Na utuongoze sote, kundi lako moja, kwenye maji ya uzima, kwa Yesu Kristo, Mchungaji wetu mwema. Amina.