Usukani wa Loda Ukikataa, Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)

Tumeombwa tuseme machache juu ya usukani wa loda kuukuu. Loda ni lile tingatinga la magurudumu manne lenye ndoo kubwa mbele, ambalo mnaliona kwenye kwari likipakia mawe, kokoto na murramu kwenye malori. Sisi si mainjinia. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanane wenye loda moja, nayo imezeeka kuliko vijana wetu wengi. Haya tunayoyasema tuliyalipia.

Loda nyingi hazikati kona kama lori. Zinajikunja kiunoni. Kampuni ya Caterpillar ilitoa loda yake ya kwanza ya namna hiyo, 988, mwaka 1963, na mpaka leo kazi ni ile ile. Opareta akizungusha usukani anafungua njia ya mafuta ya haidroliki. Pampu inavuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma kwenye silinda mbili zilizo kiunoni. Moja inarefuka, nyingine inafupika, mashine inapinda. Hakuna chuma kinachotoka usukani mpaka kwenye gurudumu. Ni mafuta tu. Kwa hivyo mafuta yakiwa na shida, usukani una shida.

Sasa sikieni yaliyotupata. Loda yetu ilikuwa inapakia mawe huku upande wa Juja. Asubuhi ilikuwa sawa. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa kali, usukani unakuwa mzito na unashtuka-shtuka. Tukamwita fundi mmoja. Akasikiliza, akasema pampu ya usukani imekufa. Tulichukua pesa za mzunguko wa miezi mitano, zile ambazo mama mmoja alikuwa anangojea kulipia mtoto karo, tukaenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, tukanunua pampu iliyotumika. Ikafungwa. Kesho yake saa nane, shida ni ile ile.

Ni opareta mmoja mzee aliyetuuliza, "Na mikono ya ndoo je, inapanda sawa?" Tukasema hapana, nayo inashtuka mchana. Akacheka. Loda yetu ina pampu mbili, moja ya usukani na moja ya mikono, lakini zote zinavuta kutoka tangi moja kwa mpira mmoja. Akasema, "Pampu mbili hazifi siku moja. Tafuteni mahali zinapokutana." Akafungua tangi. Mafuta yalikuwa na povu kama sabuni ya kufulia. Povu ni hewa. Mpira wa kutoka tangi kwenda kwenye pampu ulikuwa umepasuka kidogo chini ya klipu, na klipu yenyewe imelegea.

Ati mbona hatukuona mafuta yakidondoka? Hapo ndipo wengi hupotea. Upande huo pampu inavuta, haisukumi. Ufa ukiwa hapo, mafuta hayatoki, hewa inaingia. Kukiwa na joto mpira unalainika, ufa unafunguka zaidi, na mafuta nayo yanakuwa mepesi. Mzee alipaka grisi nzito kuzunguka kiungo hicho injini ikinguruma. Kelele ya pampu ikapungua pale pale. Tulinunua mpira mpya na klipu mbili. Bei yake ilikuwa kama ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Kwa hivyo sisi sasa tunaanza na vya bei ndogo. Tunaangalia kipimo cha mafuta mashine ikiwa imesimama mahali tambarare na ndoo iko chini. Tunaangalia rangi: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Tunaangalia filta, maana vumbi la kwari zetu mnalijua. Na tafadhali, msimwage mafuta kutoka mtungi uliobeba maji, wala msichuje kwa leso, kwa sababu nyuzi zake huenda kuziba filta. Tumieni mafuta yanayotajwa kwenye kitabu cha mashine yenu. Usukani ukiwa mzito tu asubuhi za baridi ya Julai halafu ukalainika, huenda ni mafuta mazito mno.

Baadaye ndiyo tunauliza lile swali la mzee. Mikono na usukani vyote vikiwa vibaya, tunatafuta mahali pamoja: tangi, mafuta, filta, mpira wa kuvuta. Mikono ikiwa na nguvu na usukani pekee unakataa, shida iko upande wa usukani wenyewe. Ukiwa mzito injini ikienda polepole lakini ukalainika opareta akikanyaga mafuta, hapo pampu iliyochakaa inaweza kuwa kweli. Usukani ukifika mwisho na bado unazunguka bila kugoma, mafuta yanapita ndani, kwenye silinda au kwenye valvu. Loda ikijipinda yenyewe wakati opareta hajagusa kitu, tunashuku sili za silinda. Na ikiwa inayumba-yumba barabarani lakini mafuta ni mazuri, tunaangalia pini na bushi za kiunoni. Hizo hulia grisi kila siku, na ndizo husahauliwa.

Jambo moja hatulipiti haraka. Kiunoni mwa loda ni mahali pa kifo. Injini ikinguruma, mtu akigusa usukani kidogo tu, zile sehemu mbili zinakutana na aliye katikati hana pa kukimbilia. Loda nyingi zina chuma cha kufungia kiuno kisipinde. Chetu tulikikuta kimefungwa kwa waya nyuma, kimeota kutu. Siku hizi hakuna anayeingia pale kabla chuma hicho hakijawekwa, injini haijazimwa, na ufunguo haujawa mfukoni mwa yule anayeingia. Si mfukoni mwa opareta.

Tena upande wa kusukuma, usitafute tundu kwa kidole. Gurudumu la gari dogo lina presha ya paundi kama 30. Ndani ya mpira wa usukani inaweza kufika 2,000 na zaidi. Mafuta yakitoka kwa tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, hata kwenye glavu. Tumia kipande cha kartoni. Mtu akipigwa, hata kama anaona ni alama ndogo tu isiyouma, apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo, kama Thika Level 5, na aeleze ni mafuta ya presha. Akingoja mpaka kesho anaweza kupoteza mkono.

Na vijana wanaozima injini wakishuka mteremko ili kuokoa dizeli, waache. Injini ikizima pampu inasimama, na kwenye loda nyingi za zamani usukani unasimama nayo.

Mtauliza ile pampu ya zamani ilienda wapi. Iko kwa mweka hazina wetu, imefungwa kwa gunia. Tuliipeleka kwa fundi wa jua kali hapa Thika akaipima, akasema haina neno. Mama yule alilipwa pesa zake, lakini mtoto alikuwa amekosa nusu ya muhula. Kikundi chenye loda kama yetu kikihitaji pampu, kije tuongee. Lakini mje mkiwa mmeshaangalia mpira kwanza.