Mkono Unajua, Kalamu Haijui
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kiloleli)



Nimeombwa niseme machache kwa wale wanaokusudia kuchukua ufundi wa magari wamalizapo kidato cha nne. Wengine leo wamewaeleza jinsi walivyofaulu. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyoanguka.

Nilipoingia chuo cha ufundi mjini Mwanza nilikuwa nimekwisha kushika spana gereji miaka miwili. Gia boksi nilishusha na kupandisha bila kuuliza mtu. Basi wenzangu walipokesha na madaftari niliwacheka, nikasema gari halitengenezwi kwa kalamu. Mtihani wa vitendo nikapita vizuri. Wa kuandika nikaanguka. Swali moja lilisema: eleza kwa nini oili ya injini haifai kutiwa katika breki. Nikajibu, "Kwa sababu hairuhusiwi." Nikapata sifuri.

Nikarudi gereji kwa hasira. Msimu wa pamba ukafika, na lori dogo nililokuwa nikilitunza likapungukiwa mafuta ya breki pale Bariadi, usiku, maduka yamefungwa. Nikatia oili ya injini. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya tatu, njiani kwenda Lamadi, breki zikashika zisiachie, magurudumu yakafuka moshi, na juu tumepakia pamba. Tulishusha mzigo gizani kwa mikono yetu, tukiomba usishike moto. Nilipofungua silinda za breki nikakuta mipira imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Hapo ndipo nilipopata jibu la lile swali. Mwenye gari alinikata mshahara wa miezi miwili, na haki ilikuwa yake.

Ndugu zangu, tangu Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974, na hata baada ya VETA kuundwa kwa sheria ya mwaka 1994, fundi wetu hupimwa kwa mkono na kwa karatasi pia. Zamani nilidhani karatasi ni usumbufu tu. Sasa najua kwamba karatasi huuliza "kwa nini", na asiyejua kwa nini, siku moja ataua mtu.

Niliporudia mtihani nilijitayarisha hivi.

Kwanza, daftari la kazi. Kila jioni niliandika mistari mitatu: leo nimefanya nini, kwa chombo gani, na kwa sababu gani. Mstari wa tatu ndio uliokuwa mgumu, na ndio ulionifaulisha.

Pili, majina. Gereji tunasema rejeta. Kitabu kina jina lake. Niligawa ukurasa safu mbili, jina la gereji huku, jina la kitabu kule.

Tatu, kuchora. Nilichora mapigo manne ya injini, yaani kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi, mpaka nikaweza kuyachora bila kutazama. Kisha nikajiuliza: mbona krankshafti huzunguka mara mbili na kamshafti mara moja tu? Kwa sababu katika mapigo hayo manne kila valvu hufunguka mara moja. Ukilijua hilo, huhitaji kulikariri.

Nne, kusoma swali. "Taja" wataka majina tu. "Eleza" wataka sababu. "Tofautisha" wataka vitu viwili vikae pamoja. Nimeona kijana hodari akijaza ukurasa mzima mahali palipotakiwa maneno manne, muda ukamwishia.

Tano, msisome peke yenu. Mwenzangu mmoja alikuwa dhaifu wa spana lakini hodari wa kuandika. Mimi nilimfundisha kurekebisha valvu, yeye akanifundisha kupanga majibu. Tulifaulu wote wawili.

Wadogo zangu, msione haya kuanguka mtihani. Oneni haya kuanguka na kisha kulaumu kalamu. Lile daftari ninalo hata leo, lina alama za vidole vyenye grisi. Atakayetaka kulitazama, tuonane baada ya chakula.