Parti ni ya nani?

Maneno yaliyosemwa ku mukutano wa wanamemba, Kisangani

 

Tangu tulirudia hapa, watu wa maparti wanatutembelea. Mumoja analeta vitambaa, mwingine chumvi. Mwingine ameomba liste ya majina yetu yote. Ndiyo sababu komite ilinituma niseme juu ya kazi ya chama cha siasa, ile tunaita parti.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa kumi 1959, wakati muji huu ulikuwa ungali Stanleyville, MNC ya Lumumba ilifanya mukutano wake hapa. Fujo ikatokea, watu wakakufa, Lumumba akafungwa. Lakini parti haikufungwa pamoja naye, juu ilikuwa na watu ku mitaa na ku vijiji. Mwezi wa tano 1960 ikapata viti 33 mu bunge ya viti 137. Hakuna parti ingine iliyopita hapo, na bado 33 hazikutosha. Ikabidi kuzungumuza na wengine, kama PSA ya Gizenga na CEREA ya Kivu, mpaka serkali ikapata kura 74. Mi naona kazi ya parti iko pale: mutu wa Kisangani na mutu wa Kivu hawajuani, lakini kura zao zinakutana mu bunge na kuweka waziri wa kwanza.

Kisha ikakuja MPR, parti moja tu, kila mutu alizaliwa ndani yake apende asipende. Wazee munajua, sitakawia pale. Ni tarehe 24 mwezi wa ine 1990 ndipo Mobutu alifungua mulango kwa maparti mengine.

Katiba ya 2006, kwa article 78, inasema Raisi anatosha waziri wa kwanza mu kundi lenye wabunge wengi. Article 110 inasema mubunge anayetoka kwa kupenda mu parti yake anahesabiwa kama ameacha kiti. Maana yake kiti si mali yake kama kinga yake. Tulimupa pamoja na parti.

Sasa muangalie. Ku kura za 2018, FCC ya Kabila ilipata viti zaidi ya 300 juu ya 500. Mwisho wa 2020 wengi wao wakahamia Union Sacrée ya Raisi Tshisekedi, na tarehe 27 mwezi wa kwanza 2021 waziri wa kwanza Ilunga akaangushwa kwa kura 367. Viti vyao wakabaki navyo. Wanasheria walibishana sana. Wengine wanasema Raisi hangeweza kutawala na bunge ya wapinzani wake, na mimi sikatae, shida ilikuwako. Lakini mwenye kutoa kura, nani alimuuliza? Hakuna.

Kwa hiyo, mama akiletewa kitambaa, akipokee kama anapenda, kitambaa ni kitambaa. Kisha aulize: mubunge wenu wa mara ya mwisho alichaguliwa na parti gani, na leo anakaa wapi? Alisema nini mu bunge juu ya mashamba yetu?

Kila mumoja wetu ana ruhusa kuingia parti anayotaka. Shirika haiingie. Liste ya majina iliandikwa juu ya kugawa mbegu na kusaidiana wakati wa kilio. Itabaki mu kabati ya sekretere, na ufunguo uko kwa mama mutunza-feza.