Viwanja vya Mtwara Vipimwe kwa Kufuata Upepo

Mwishoni mwa Februari jua la saa sita mchana husimama utosini mwa Mtwara, na katikati ya Oktoba hupita tena pale pale. Hiyo ndiyo misimu ambayo nyumba nyingi za tofali za saruji na bati la msauzi hazikaliki mchana. Wenye uwezo hufunga viyoyozi. Wengine hutandika mkeka nje, chini ya mwembe. Makala hii inashikilia kwamba sehemu kubwa ya joto hilo huamuliwa siku mpimaji anapopanda bikoni, kabla fundi hajachimba msingi.

Ushahidi uko jirani, Mikindani. Kuta za nyumba zake kongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba joto la mchana huchelewa kupenya. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Ule wembamba ukawa neema: upepo ukiingia upande mmoja hutokea wa pili. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo leo ni hoteli, bado linakalika.

Hakuna anayeshauri matumbawe yachomwe tena wala mikoko ikatwe. Tangu mwaka 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na viumbe hivyo ndivyo ngao ya pwani nzima. Cha kurithi Mikindani ni mpangilio.

Mtwara ina bahati ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, kusi hushika zamu kuanzia Aprili. Nyumba ndefu ya mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha kaskazini na kusini, huzipokea zote mbili, na upenu wa kawaida huikinga na jua la mchana. Ikigeuzwa, ukuta mrefu hupigwa na jua la alasiri, ambalo upenu hauwezi kulizuia kwa sababu liko chini. Lakini mwenye kiwanja chembamba kinachotazama barabara ya mashariki–magharibi afanye nini? Hujenga kama kiwanja kinavyotaka. Kisha huweka dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata likifunguliwa lote, nusu yake hubaki imezibwa na kioo.

Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015, kimeisogeza saruji karibu, na hilo limewafaa wajenzi. Ila ua uliosakafiwa wote kwa saruji huhifadhi joto na kuisukuma mvua ya masika kwa jirani. Nje ya ua, barabara pana ambazo mji ulirithi kutokana na mpango wa Waingereza wa kulima karanga, uliokufa mwaka 1951, zina nafasi tele ya miti ya kivuli.

Ufukweni nako kuna jambo lisilongoja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Manispaa ya Mtwara-Mikindani iusimamie mpaka huo, na isipitishe ramani yoyote ya viwanja vipya ambayo haioneshi kaskazi inaingilia wapi, kusi wapi, na maji ya mvua yatapita wapi.