MLIO MASIKIONI UTOKANAO NA KELELE: TIBA NA TAHADHARI

(Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wakazi wa Igogo, Mwanza. Yanachapishwa kwa manufaa ya wasomaji wetu wa visiwani.)





Nimepewa jukumu la kuzungumzia maradhi ambayo mwenye nayo haonekani kuwa mgonjwa. Hana homa wala jeraha, na jirani yake hasikii anachokisikia yeye. Usiku, mji unapotulia, kichwani mwake hulia filimbi, au nyenje, au mvumo kama wa injini. Wapo wanaonyamaza wakichelea kuambiwa wamepandwa na pepo. Wapo pia wanaonyamaza wakihofia kuondolewa kazini.

Sisi watu wazima tuliwahi kuionja hali hii kwa njia nyingine. Tulipomeza kwinini kutibu malaria, masikio yalivuma, na dawa ilipokwisha mwilini mvumo nao kwa kawaida ulikoma. Pengine ndiyo sababu wengi hudhani kuwa mlio wa kelele nao utaondoka wenyewe. Baada ya usiku mmoja wa ngoma na spika huenda ukaondoka kweli, lakini hilo huwa ni onyo. Aliyekaa miaka mingi kando ya mashine ya kusaga nafaka, jenereta au injini ya boti, mlio wake mara nyingi huja kukaa.

Sababu yake ni hii. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja mithili ya konokono, na ndani yake mna chembe takriban 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Hizo ndizo zipokeazo sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Kuku hujaliwa kuota chembe nyingine. Binadamu hatukujaliwa hivyo. Ubongo usipopata habari uliyoizoea, hufanya kama msikilizaji wa redio ambaye stesheni yake iko mbali: huongeza sauti, na kinachosikika ni mvumo mtupu.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, naomba nieleweke vizuri katika jambo hili, maana ndipo fedha za watu zinapopotea. Mpaka leo hakuna kidonge, tone, sindano wala mzizi uliothibitika kuondoa mlio wa aina hii. Mafuta ya moto yanayotiwa sikioni huunguza, na kama ngoma ya sikio imetoboka huleta balaa jingine. Dawa za matone zina kazi yake, nayo ni maradhi mengine.

Lakini kukosekana kwa dawa ya kuufuta mlio si kukosekana kwa matibabu. Mgonjwa aanzie kituo cha afya, ili itazamwe kwanza kama ni nta tu iliyoziba, na zichunguzwe dawa anazotumia, kwani aspirini nyingi au sindano za jentamaisini huweza kudhuru masikio. Kisha apewe rufaa kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kama ile ya Hospitali ya Bugando, apimwe usikivu. Aliyepungukiwa na usikivu hupewa kifaa cha kusaidia kusikia, na wengi wakianza kusikia vizuri mlio hufifia nyuma ya sauti za kawaida. Wakati wa kulala, kimya kabisa ni adui. Feni au redio ya sauti ya chini husaidia. Ushauri nasaha wa kitaalamu, unaomzoesha mtu kuuacha mlio upite bila kuushughulikia, ndio uliothibitika zaidi katika kupunguza dhiki yake. Hupata usingizi tena, japo mlio upo.

Sasa nirejee hapa kwetu. Katika Bandari ya Mwanza Kusini ndipo ilipoundwa meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwaka 2023, na chuma hakigongwi kimyakimya. Kipimo kinachokubalika duniani ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu. Zikifika 100 ni robo saa tu. Asiye na chombo cha kupimia na apime kwa mdomo: ikiwa yakulazimu kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pana hatari. Pamba haitoshi kukinga. Vinavyotakiwa ni vizibo vya masikio au vikinga vinavyofunika sikio zima, na kwa mwajiriwa huo ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Aliyepoteza usikivu kwa sababu ya kazi anaweza kudai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nasi watumishi wa umma tumo. Fundi aliyejiajiri hana wa kumdai, basi vizibo na avinunue pamoja na diski ya grinda.

Lipo jambo moja lisilongoja. Mtu akiamka sikio moja limeziba ghafla huku likivuma, au usikivu ukapungua ndani ya siku tatu, afike hospitali siku hiyo hiyo. Hali hiyo, tofauti na ile niliyoieleza, ina dawa inayoweza kuokoa usikivu, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Kwa aliyeko Ukara au Ukerewe, ni safari ya kivuko cha kwanza.