Hofu ya Mtoto Ndani ya Nyumba

Tumeombwa tuzungumzie haki ya mtoto katika familia. Tutaanzia mahali ambapo pengine hamkupatazamia, yaani katika mchezo wa kompyuta wa kutisha. Jina lake ni Among the Sleep. Ulitengenezwa na kampuni ya Krillbite Studio ya mji wa Hamar, Norwei, ukatolewa mwaka 2014, baada ya watu wengi kuuchangia fedha kwa njia ya intaneti mwaka 2013. Si mchezo wa kuwapa watoto wadogo. Wenye kuhitaji somo lake ni sisi watu wazima.

Michezo mingi ya namna hiyo humpa mchezaji silaha. Katika huu, mchezaji huwa mtoto wa miaka miwili. Huyaona yote kutoka chini. Vitasa vya milango havifikii mpaka asukume kiti apande juu yake. Adui akija, hana la kufanya ila kujificha chini ya meza. Taa yake ni dubu wa kitambaa, ambaye hutoa mwanga akikumbatiwa.

Hadithi yaanza siku ya kukumbuka kuzaliwa kwake. Kuna keki na kuna mama. Mara mlango wabishwa, na sauti za watu wazima wakigombana zasikika. Usiku mtoto aamka, naye aanza kumtafuta mama yake katika mahali pa ndoto, huku akifuatwa na jitu. Sakafuni mna chupa, na moja ikivunjika jitu huja. Mwishoni amkuta mama jikoni, amelewa, analia, naye amtendea mtoto kwa ukali. Hapo twaelewa kwamba mama aliyetafutwa na jitu lililokimbiwa ni mtu mmoja.

Twajifunza nini?

Kwanza, mtoto husikia. Wazazi hugombana usiku wakiambiana kwamba mtoto amelala. Yeye hana maneno ya kutaja ulevi wala utengano. Basi hofu yake hujivika sura ya zimwi. Mtoto akisema kuna zimwi chini ya kitanda, tusimcheke. Tumwulize kwa upole amesikia nini.

Pili, mama yule hakuchorwa kuwa mwovu. Anampenda mwanawe, na pombe imemshinda. Mtoto naye haachi kumpenda. Ndiyo maana maumivu yake ni makubwa. Haki yadai mambo mawili kwa pamoja: mtoto alindwe, na mzazi asaidiwe. Kumtangaza mlevi kijijini ni rahisi. Kumsindikiza hospitali, na kumchukua mtoto alale kwetu usiku ule, ndiyo kazi.

Tatu, sheria peke yake haitoshi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 19, wazitaka serikali zimkinge mtoto na ukatili na kutotunzwa, hata anapokuwa mikononi mwa wazazi wake. Norwei na Tanzania ziliuridhia mwaka 1991. Norwei ilikuwa imetangulia kuweka mtetezi wa watoto wa taifa mwaka 1981, na kukataza wazazi kuwapiga watoto mwaka 1987. Hata hivyo, hadithi hii imetoka huko huko. Sheria hufika mlangoni. Jikoni, usiku wa manane, anayeweza kufika ni jirani na ndugu.

Ndugu wapendwa, mtoto wa miaka miwili hawezi kuja kushtaki katika kikao chetu. Haki yake yategemea masikio yetu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani ambamo twasikia ugomvi usiku na kunyamaza?
2. Mtoto akitaka kukimbilia kwa jirani, anajua mlango upi utafunguliwa?
3. Mzazi aliyeshindwa na pombe apate msaada wapi, na nani kati yetu atamsindikiza?