Unga Kabla ya Kidonge: Mhadhara juu ya Usalama wa Wanaoshika Malighafi za Dawa za VVU



Nianze na hesabu. Pipa la zidovudini, malighafi ya dawa ya VVU, kwa kawaida hubeba kilo 25. Mtu mzima anayetumia dawa hiyo humeza miligramu 300 asubuhi na 300 jioni. Pigeni hesabu wenyewe: pipa moja ni dozi ya mtu mmoja kwa siku 41,666, yaani miaka 114. Sasa mfikirieni kijana anayelifungua. Anakata kamba, anakunjua mfuko wa nailoni uliomo ndani, anaingiza kichoteo, na vumbi jepesi linampanda usoni. Hakuna daktari aliyemwandikia dawa hiyo. Hakuna aliyempimia dozi, wala aliyemwita baada ya mwezi kumtazama damu.

Hilo ndilo jambo langu la leo. Kidonge kinamfaa mgonjwa kwa sababu kinamfikia kikiwa kimepimwa, kimeelezwa na kinafuatiliwa. Unga ule ule, kabla haujawa kidonge, hauna mlinzi yeyote. Kuuwekea mlinzi ni wajibu wa anayeuagiza, anayeukagua na anayefundisha kemia yake.

Kabla sijaenda mbali, niseme na ndugu zetu wanaoishi na VVU, kwa kuwa najua wapo humu ukumbini. Sizungumzii vidonge vyenu. Kidonge kizima, kilichopakwa utando wake, hakimdhuru mtu kwa kushikwa mkononi. Tanzania ilianza kutoa dawa hizi bure mwaka 2004, na watu waliokuwa wamekata tamaa wamelea watoto wao na sasa wanalea wajukuu. Tafadhali asitoke mtu hapa akaacha dawa kwa sababu ya maneno yangu.

Kwa nini tuseme haya sasa? Kwa sababu Afrika Mashariki inatengeneza dawa hizi. Kule Luzira, Kampala, kiwanda cha Quality Chemical kilifunguliwa mwaka 2007. Kule Kikuyu, Kenya, Universal Corporation ilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa kidonge chenye lamivudini na zidovudini. Arusha nako dawa hizi zimewahi kutengenezwa. Kila misaada ya nje inapoyumba, kama ilivyotokea mwanzoni mwa 2025, sauti za kutaka tujitegemee hupanda, nami ni mmoja wa wanaozipaza. Lakini malighafi zenyewe kwa sehemu kubwa zinatoka India na China, na zinafika zikiwa unga ndani ya mapipa. Kujitegemea maana yake ni kwamba mikono itakayoyafungua mapipa hayo itakuwa ya watoto wetu.

Tuutazame unga wenyewe. Zidovudini iliundwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz huko Marekani, akitafuta dawa ya saratani. Haikufaa, ikawekwa kando. Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya VVU. Umbo lake linafanana na thaimidini, mojawapo ya vijenzi vya DNA, ila mahali pa kuungia kijenzi kinachofuata pamekaliwa na atomi tatu za naitrojeni, kundi tunaloliita azido. Kirusi kinapojenga nakala yake huichukua zidovudini kikidhani ni thaimidini, na ujenzi unakwama hapo hapo, kama mtunga shanga aliyepewa shanga isiyotoboka upande wa pili.

Tabu ni kwamba hata mwili wetu una mashine za kunakili DNA. Zile za mitokondria, na zile za uboho mahali damu inapotengenezwa, nazo huguswa. Katika majaribio ya mwanzo wagonjwa walipewa miligramu 1,500 kwa siku, na wengi wakaishiwa damu hadi kuongezewa. Dozi ikashushwa, na leo ni 600. Mwaka 2000 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulioko Lyon, Ufaransa, uliiweka zidovudini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mgonjwa, faida inaizidi hatari hiyo kwa mbali sana. Kwa mpima unga hakuna faida ya kuweka upande wa pili wa mizani. Anapata hatari peke yake.

Wapo wanaodhani kwamba kinachomfaa mgonjwa hakiwezi kumdhuru mzima. Nevirapini inatujibu. Ni dawa iliyojengewa heshima hapa kwetu: mwaka 1999 watafiti wa Mulago, Kampala, walionyesha kwamba dozi moja kwa mama anapoanza uchungu na dozi moja kwa mtoto hupunguza maambukizi karibu kwa nusu, ikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya ugunduzi huo. Januari 2001, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya watu 22 waliodhurika vibaya baada ya kuimeza kwa siku kadhaa ili kujikinga, hawana VVU, wengine wao wahudumu wa afya waliochomwa sindano kazini. Mmoja ilibidi apandikizwe ini. Hao waliimeza kwa dozi kamili, nami sisemi kwamba kuvuta vumbi ni sawa na kumeza dozi. Ninachosema ni kwamba uzima wa mtu haumkingi. Katika orodha yake ya 2016, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini iliziweka zidovudini, nevirapini na abakaviri miongoni mwa dawa za hatari kwa wanaozishika.

Sasa tufanye jaribio dogo. Hapa mezani nina laktosi, sukari ya maziwa, iliyochanganywa na riboflavini kidogo, ambayo ni vitamini B2. Haina madhara. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ataipima gramu mia tano kwa mazoea ya kawaida: glovu moja kila mkono, barakoa ya bluu ya hospitali, koti la maabara. Mmemwona, amefanya kwa uangalifu na meza inaonekana safi. Sasa naomba taa za ukumbi zizimwe, namwashia taa ya urujuanimno.

Tazameni panapong'aa kijani na manjano. Kola ya shati. Kope za macho. Mashavuni kuna mistari miwili pale barakoa isipogusa ngozi. Kuna pete ya mwanga kwenye kifundo cha mkono, kati ya glovu na mkono wa koti. Kalamu mfukoni. Kioo cha simu, aliyoishika mara moja tu kuangalia saa. Na kitasa cha mlango, kwa sababu alitoka kufuata kijiko. Atakayeshika kitasa hicho baada yake hajui kama kuna kitu kimepimwa chumbani humu.

Chembe zilizo chini ya mikromita 10 huelea hewani muda mrefu, na jicho halizioni. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kulizuia vumbi lisiruke, na mavazi yanafuata baadaye. Mzani ukae ndani ya kibanda kinachovuta hewa kuielekeza mbali na pua ya mpimaji. Unga uhamishwe kwa mfuko uliofungwa kwenye mdomo wa mashine, usimwagwe kwa beseni. Barakoa iwe ya kuchuja chembe, N95 au zaidi, inayobana uso, na mwenye ndevu ajue kwamba haitambana. Glovu ziwe jozi mbili, ya nje ifunike mkono wa koti. Na kuna mambo mawili ninayoyapigia kelele kuliko yote: ufagio, na mpira wa kompresa. Kupuliza mashine kwa upepo mwishoni mwa zamu ni kuwapa dozi watu wote waliomo. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi.

Moto nao upo. Unga laini wa kikaboni ukitanda hewani hulipuka kwa cheche ndogo, hata unga wa ngano umewahi kulipua vinu. Kundi la azido linaongeza jambo lake: likipashwa joto kupita kiasi huvunjika na kutoa joto na gesi ya naitrojeni. Mashine ziunganishwe na ardhi, na vikaushio vilindwe visipitilize joto. Siku tutakapotaka kuiunda zidovudini wenyewe tangu mwanzo tutakutana na sodiamu azidi, ambayo ikigusana na asidi hutoa gesi ya sumu, na ikikaa kwenye mabomba ya shaba au risasi huzaa chumvi zinazolipuka. Hapo patahitaji mhadhara mwingine.

Nirudi kwa watu. Kila asubuhi kwenye mageti ya viwanda vya hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, na barabara ya Nyerere mnawaona vijana wakisubiri kibarua. Wanaoitwa ndani hubeba magunia, hufagia, huosha mapipa matupu, wengine hufua sare za wenzao. Mafunzo ya usalama yakifanyika, wanaoitwa ni mafundi wa mashine na wafamasia. Pipa tupu lina vumbi kuliko pipa lililofungwa, na anayeliosha ndiye asiyejua lilikuwa na nini. Karatasi ya taarifa za usalama imebandikwa ukutani kwa Kiingereza, na kibarua wa kesho si yule wa leo.

Na akiugua? Zidovudini ikimmaliza mtu damu, atakuja zahanati amechoka, viganja vyeupe, moyo unamwenda mbio. Tutampima malaria. Tutafikiria minyoo na lishe, na akiwa mama, ujauzito. Nani atamwuliza anafanya kazi gani? Ugonjwa wa kazini hapa kwetu hujificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea, na bila kipimo cha damu kilichochukuliwa kabla hajaanza kazi hakuna wa kuthibitisha lolote, hata mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Sheria hatukosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, ya mwaka huo huo, iko mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inakagua viwanda vya dawa. Ila mkaguzi wa dawa macho yake yapo kwenye ubora wa kidonge, na mkaguzi wa usalama anaweza asijue zidovudini ni nini. Waingie pamoja chumba cha mzani, siku moja, wakati kazi inaendelea.

Kwa wenye viwanda, ombi langu ni dogo kwa gharama: kibarua yeyote asiingie eneo la unga kabla hajapimwa picha kamili ya damu, na nakala ya majibu apewe yeye mwenyewe aondoke nayo. Kwa Bohari ya Dawa, jirani zetu wa Keko, mnaponunua dawa za viwanda vya ukanda huu, ulizeni pia anayepima unga analindwaje. Na ninyi wanafunzi wa kemia wa chuo hiki, mtakaokwenda kufundisha kila mkoa, karatasi za usalama za zidovudini, nevirapini, lamivudini, tenofoviri na dolutegraviri bado zinasubiri kuandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka na mfagiaji. Idara yetu inaanza kazi hiyo muhula huu, na inahitaji mikono. Njooni mjiandikishe.